Kocha Hodi

Wachezaji walimwita Kocha Hodi, ila si mbele yake. Katika miaka ishirini na mitatu ya kufundisha mpira wa kikapu wa kulipwa alikuwa ametwaa ubingwa wa ligi mara saba, na katika miaka yote hiyo hakuna mchezaji aliyeachwa na timu yake kwa simu, kwa ujumbe, wala kwa tangazo la ukutani. Akikuacha, anakuja mwenyewe. Anakuja nyumbani kwako mchana kweupe, anapiga hodi, na ukishamkaribisha anasema maneno yake matatu ambayo kila mtu kwenye mchezo ule aliyajua kwa kichwa: "Nimekuja mwenyewe. Nimekuacha. Asante." Kisha anavaa kofia yake na kuondoka. Hata maji hanywi.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuwa mgeni ambaye akija, mwenyeji anashikwa na homa. Siku moja aliegesha gari lake jeupe mbele ya jengo walimokaa wachezaji wake wawili, na wake zao wote wawili wakafunga mapazia, kumbe mzee wa watu alikuwa anakwenda kung'olewa jino ghorofa ya kwanza. Wachezaji wakioa, hawamwaliki nyumbani. Wanamletea keki uwanjani, imefungwa kwenye karatasi. Wakipata mtoto, wanamleta mazoezini akiwa hajatimiza hata siku arobaini, Kocha amwone hukohuko, yaishe, asije akapata sababu ya kufunga safari.

Yeye hakukasirika. Alijua kazi aliyojichagulia. Alipokuwa na miaka ishirini na sita alichezea timu ya kiwanda cha saruji, na asubuhi moja alifika getini na begi lake begani, akakuta mlinzi ameshika karatasi. Mlinzi akaisoma juu mpaka chini, akamwambia jina lake halimo, arudi nyumbani. Akauliza nani kasema. Mlinzi akamwambia, "Karatasi." Watu waliokuwa wanapita na mabegi yao walimwangalia, wengine wakageuza nyuso. Tangu siku ile akaapa kwamba yeye, Mungu akimpa timu, hatamwacha binadamu mwenzake aambiwe na karatasi. Mungu akampa timu. Naye akashika kiapo, mara sitini na moja.

Jumamosi tunayoizungumzia ilikuwa zamu ya mtu wa sitini na mbili, na huyo alikuwa Nguzo.

Nguzo alikuwa nahodha. Alikuwa na miaka thelathini na sita, kumi na minne kati ya hiyo ameitumia chini ya Kocha, na goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. Msimu uliopita alikuwa anapanda basi la timu kinyumenyume, akijivuta kwa mikono. Orodha ya wachezaji kumi na wawili ilitakiwa kufika ofisi ya ligi kabla ya saa kumi jioni siku hiyohiyo, na kwenye orodha ile Nguzo hakuwa na nafasi. Kocha alikuwa amepiga hesabu za kila namna wiki nzima ili nafasi ipatikane. Haikupatikana. Asubuhi mkewe alimuuliza kama na Nguzo naye atamwambia yale yale matatu. Akajibu ni yale yale, sheria haina mtoto wa kambo. Mkewe akampa kofia yake akamwambia pole, na alivyoisema pole ile ilikuwa kama ya msibani.

Nguzo alikaa ghorofa ya nne na lifti ilikuwa mbovu. Kocha alipanda ngazi akipumzika kila ghorofa, maana na yeye goti lake si la kujivunia. Saa tatu kamili akapiga hodi.

Aliyefungua ni mke wa Nguzo, ambaye watu wote walimwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mabinti zake wawili. Alikuwa fundi cherehani. Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana yake: cherehani dirishani, meza ya kukatia katikati, na sketi za shule zimerundikwa kwenye kochi mpaka usawa wa mkono, kwa kuwa shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu na watoto wa mtaa mzima walikuwa wamerefuka likizo. Futi ilikuwa imemning'inia shingoni na pini tatu zilikuwa mdomoni. Alimtazama Kocha, akazitoa pini moja moja bila haraka.

"Karibu, Kocha. Mwenyewe hayupo."

Kocha akatazama chini. Mlangoni palikuwa na viatu namba arobaini na tisa.

"Viatu vyake vipo, mama."

"Ana jozi mbili."

"Namba hiyo haiuzwi dukani. Mimi ndiye niliyemwagizia, na niliagiza jozi moja."

"Basi katoka peku," akasema Mama Pacha, na akampisha aingie.

Kocha akaingia. Akabaki amesimama na kofia mkononi, kwa sababu sheria yake ilikuwa kusema na mhusika, si kuacha maagizo kwa mke. Akasema atasubiri. Mama Pacha akasema asubiri, ila pale kwake hakuna anayekaa bure. Akahamisha rundo la sketi, akamkalisha kwenye kochi, akamtupia sketi moja na wembe. Akamwonyesha namna ya kufumua pindo bila kukata kitambaa. Mtu aliyewahi kubebwa juu juu na uwanja mzima akajikuta anafumua sketi ya mtoto wa darasa la tatu.

Nyuma ya mlango wa chumbani kiti kikaburuzwa. Kocha akainua kichwa.

"Panya," akasema Mama Pacha, bila kuacha kushona.

Baada ya muda chumbani mtu akakohoa.

"Na huyo panya anakohoa?"

"Vumbi la nguo, Kocha. Halichagui."

Kocha angeweza kuinuka akaufungua mlango ule. Hatua nne tu. Lakini chumba cha mtu ni chumba cha mtu, na tena aliona aibu kwa niaba ya Nguzo. Moyoni alikuwa anajiambia kwamba haiwezekani. Wapo waliomlilia, wapo waliomtukana, mmoja alimfungulia mbwa, lakini hakuna aliyejificha. Na kati ya wote, ajifiche Nguzo? Mtu ambaye alicheza robo ya nne ya fainali na kidole kimeteguka, kimefungwa kwa kamba ya kiatu?

Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Msaidizi wake alipiga simu mara mbili kutoka ofisi ya klabu, akitaka kujua kama afute jina la nahodha au bado. Kocha akamwambia asiguse kitu mpaka amwambie yeye kwa mdomo wake. Alikuwa amefumua sketi tisa. Ya nne aliitoboa, akasemwa kidogo.

Mama Pacha alikuwa na ulimi usio na pazia. Akamuuliza, hivi wale watu sitini na moja, alipowaambia yale maneno, walifanya nini baadaye? Kocha akasema hajui, yeye husema akaondoka, maana kukaa ni kumwongezea mtu mzigo. Nani anataka kulia mbele ya aliyemliza? Mama Pacha akasema hilo la kwanza amelielewa, kwamba amekuja mwenyewe. La pili amelielewa pia.

"Lakini hiyo asante ndiyo sijaielewa," akasema. "Asante ya nini?"

"Ya kazi."

"Kazi gani?"

Kocha akafungua mdomo. Kazi ya mpira, alitaka kusema, ila akaona ni jibu la kipuuzi. Sitini na moja, na hakuwahi kuulizwa. Alikuwa akiiacha ile asante pale mlangoni kama mtu anavyoacha mwavuli wa kuazima, akashuka ngazi. Akainamia sketi yake akafumua. Mama Pacha hakumbana zaidi. Alichota maji kwenye mtungi, akamwekea bilauri mbele yake, na Kocha, kwa mara ya kwanza kwenye safari za namna ile, akayanywa.

Saa nane na nusu mlango wa chumbani ukafunguka.

Nguzo alitoka ameinamisha kichwa, kama alivyozoea kwenye milango yote duniani, akichechemea. Alikuwa amevaa shati la kwendea harusini na suruali ya mazoezi. Mkononi alikuwa na karatasi moja, na nyuma yake, juu ya kitanda, Kocha aliona karatasi nyingine nyingi zimefinyangwa. Wino ulikuwa umemtapakaa mpaka kidevuni.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba. Panya amepona kifua?"

Nguzo hakucheka. Akakaa kwenye kistuli cha wateja, magoti yakapanda karibu na masikio, akaiweka karatasi juu ya meza ya kukatia, kati ya mkasi na chaki. Akasema ameamka nayo tangu alfajiri. Akasema anaomba radhi kwa kumkalisha, ila yeye na kalamu hawakuwahi kuwa marafiki, na kila alipofika katikati aliona imeharibika, akaanza upya. Ile ilikuwa barua. Alikuwa anaacha kucheza, kuanzia leo, kwa hiari yake.

Kocha aliiangalia ile karatasi kama mtu anayeangalia nyoka mezani. Akasema hawezi kuipokea.

Alikuwa na sababu yake, na haikuwa ukaidi. Katika ligi ile wapo makocha wanaoogopa kumwambia mtu ukweli. Wanamweka benchi mechi kumi, wanamnyima salamu, wanamfinya kidogo kidogo mpaka aandike mwenyewe, kisha wanapiga picha naye wakitabasamu. Kocha aliwadharau watu hao kuliko alivyowadharau waamuzi. Angeanzaje leo, akiwa na miaka sitini na moja, kupeleka barua ya namna ileile ofisi ya ligi? Tena ya Nguzo? Na mashabiki watasema nahodha kakimbia. Hapana. Yeye ndiye aliyeamua, lawama ni zake, amezibeba sitini na moja na mgongo haujavunjika. Akaiweka kofia juu ya sketi, akasimama wima kama alivyosimama mbele ya wale wengine.

"Nimekuja mwenyewe," akaanza.

Nguzo akainua mkono. Mkono ule ulikuwa mkubwa kama sinia.

"Kocha, la pili usiliseme. Nakuomba."

"Nguzo, saa inakwenda."

"Ukilisema, hii barua yangu ni ya kufungia karanga."

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, na wote watatu mle sebuleni waliuona waziwazi. Mmoja akitamka, mwingine amekosa. Mama Pacha akasimamisha cherehani. Akasema kwamba yeye amezaa na huyu na amefumua sketi na yule, kwa hiyo ana haki ya kusema neno: barua ikisomwa haiwi imepokelewa. Isomwe kwanza, halafu wakauane.

Nguzo akaisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari.

"Mimi naacha. Goti limekwisha na mimi ndiye ninayelala nalo, simlaumu mtu. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nijikaze mwaka mmoja tena lakini najua Kocha atakuja. Watu sitini na moja amewaendea nyumbani. Kila alipotoka kwa mtu, kesho yake mazoezini nilimwona. Hali, hasemi na mtu, anapanga mipira peke yake kwenye kona mpaka tunaondoka. Alifikiri hatumwoni. Mimi nilikuwa namwona. Sitaki kuwa wa sitini na mbili. Ndiyo sababu yangu kubwa kuliko goti. Ahsanteni."

Akaikunja.

Kocha alikaa. Ni kweli alikuwa akipanga mipira. Aliamini kwamba ni siri yake na Mungu wake, na kumbe miaka yote kulikuwa na jitu refu kule upande wa pili linajifanya linafunga kamba za viatu.

"Miaka kumi na minne nimefanya ulichosema," Nguzo akaendelea. "Uliniambia nikimbie, nilikimbia. Uliniambia nimpe pasi yule mlevi, nikampa, akakosa. Leo nisikilize mimi. Leo tu."

Chini mtaani muuza magazeti alikuwa anabishana na mtu. Kocha akachukua wembe, akauweka, akauchukua tena.

Mwishowe akamwambia Mama Pacha kwamba lile swali lake la asubuhi, sasa anaweza kulijibu.

Akasema upo mwaka walifungwa mechi nane mfululizo. Wakati ule alikuwa na ubingwa mmoja tu kabatini, na mwenyekiti wa klabu alikuwa amemshauri, kwa upole wa kinafiki, aandike barua ya kuacha kazi. Aliiandika. Ilikuwa juu ya meza ya chakula, imebaki kutiwa sahihi, Jumapili adhuhuri, mkewe amekwenda kwa dada yake. Mlango ukabishwa. Alikuwa Nguzo, miaka ishirini na minne, ana chunusi bado. Akaingia, akakaa, akaiona ile barua, hakusema kitu. Walikaa saa mbili. Hakumpa moyo, hakumpa pole, hakumwambia mambo ya subira. Alikaa tu kama kabati. Halafu akainuka na kuuliza, "Kesho mazoezi saa ngapi?" Na Kocha, ambaye hakuwa na mazoezi yoyote kesho yake, alisikia mdomo wake mwenyewe ukijibu: saa kumi na mbili asubuhi, na ole wake atakayechelewa.

"Vikombe sita vimekuja baada ya swali lile," Kocha akasema. "Sita kati ya saba. Watu wananiita fundi. Ndiyo asante yenyewe, mama. Na nilitaka kuitupa hapo mlangoni kama ya wengine."

Mama Pacha akasema hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Akamgeukia mumewe kwa macho ya kuuliza. Nguzo akakuna kidevu chenye wino, akasema siku ile kusema kweli alikwenda kuomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno, ila alivyoikuta ile hali akaona aibu kuomba, akakaa akitafuta neno la kusema, akalikosa, ndipo akauliza muda wa mazoezi ili ajue kama atawahi miadi yake.

Kocha alimtazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka sketi zikaporomoka, akacheka mpaka akafuta macho kwa mojawapo, na Mama Pacha naye akaangua, akisema sasa ile sketi aifue yeye. Alipotulia, Kocha akasema haidhuru. Alichomshukuru ni kukaa. Mwingine angeona barua ile angerudi zake kwenye jino lake.

Akanyoosha mkono. Nguzo akampa barua.

Ilikuwa saa tisa na robo. Kocha akampigia msaidizi wake, akamwambia afute jina la nahodha. Msaidizi akauliza kwenye sehemu ya sababu aandike nini, ameachwa?

"Andika ameacha mwenyewe," Kocha akasema. "Na barua ninayo mimi. Nikifika nitakusomea, maana mwandiko wake ni kama kuku amepita kwenye lami."

Msaidizi akauliza kama Kocha yuko salama. Akamwambia yuko salama kuliko siku nyingi.

Akaaga. Mama Pacha akamwambia kwa ufumuaji ule angempa kazi, isipokuwa ile sketi ya nne. Nguzo akasema atamsindikiza mpaka garini. Kocha akamwonya kwamba ni ghorofa nne, na Nguzo akamjibu kwamba wote wawili wana magoti mawili mazima, moja moja, kwa hiyo wakijumlisha wanapata mtu mmoja wa kushuka. Wakashuka. Kila ngazi mguu mmoja, wameshikana viwiko, kama maharusi wa uzeeni.

Habari katika jengo lile haikuhitaji lifti. Gari jeupe lilikuwa limeonekana tangu asubuhi, na kila mlango waliopita ulikuwa wazi kwa upana wa jicho. Ghorofa ya pili mama mmoja mwenye kanga begani, jirani wa miaka mingi, alishindwa kuvumilia, akatoka kabisa na upawa mkononi. Akamtazama Kocha kwa hasira, akamtazama Nguzo kwa huruma.

"Baba Pacha, jamani. Amekuacha?"

Nguzo akasimama. Akajinyoosha mpaka kichwa kikakaribia taa ya ngazini.

"Hajaniacha," akasema. "Mimi ndiye niliyemwacha."

Yule mama akamgeukia Kocha, aone kama ni kweli. Kocha akavua kofia.

"Ni kweli, mama," akasema. "Kaniacha. Na mimi nimeshukuru."

Jirani akaguna, akasema basi poleni wote wawili, akarudi kwenye sufuria lake. Wao wakaendelea kushuka, polepole, Nguzo akimhesabia Kocha ngazi zilizobaki.